Testi 212 zimepita, onyo lilikuwepo, wakulima tisa hawakusomwa: nayakamataje maonyo nisiyoyatarajia?

binti_wa_Uru (Moshi)

Wakuu, habari za usiku. Nimeteremka kutoka mlimani saa mbili usiku, matope hadi magotini, na sitaki kulala kabla sijaliandika hili likiwa bado bichi.

Natunza mfumo wa malipo wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa. Ni Django (mfumo wa kujengea tovuti kwa Python) juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, Python 3.12, na testi, yaani programu ndogo zinazokagua msimbo wangu, naziendesha kwa pytest. Kazi ya mfumo ni ya kawaida tu. Karani anapima kahawa na kuingiza kilo. Siku ya malipo mhasibu anafungua orodha ya wakulima, majina 50 kila ukurasa, anamsoma mtu, akiwepo anamlipa na kubonyeza "amelipwa", kisha anakwenda ukurasa unaofuata.

Leo yalikuwa malipo ya pili. Kuna mama mtu mzima alikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi, kitambulisho chake kimefungwa kwenye pindo la khanga. Zikasomwa kurasa zote saba, hakusikia jina lake. Mhasibu akarudia kidogo, akamwambia, "Mama, humu haumo." Yule mama hakubisha hata neno moja. Aliinuka, akatafuta ndala zake. Nikamwomba akae kwanza, kwa sababu daftari la karani lilikuwa mezani na nimeona kwa macho yangu: kilo 86, jina lake, sahihi yake.

Tukaanza kulinganisha daftari na kompyuta, jina kwa jina. Wakulima tisa hawakutokea kwenye ukurasa wowote. Wengine walitokea mara mbili, na mara ya pili tayari wana alama ya kulipwa, kwa hiyo mhasibu aliwapita bila kushtuka. Wote tisa wamo kwenye hifadhidata, sawasawa kabisa, na kilo zao. Sita walikuwa bado uwanjani, wakalipwa, pamoja na yule mama. Watatu walikuwa wameshaondoka na wametumiwa mjumbe.

Nimefika nyumbani nikaendesha testi upya. Safari hii nimesoma mpaka mstari wa mwisho:

`212 passed, 37 warnings in 41.20s`

Zimepita zote. Seva inayoendesha testi kila ninaposukuma msimbo imeweka alama ya kijani kama kawaida yake, maana pytest ikimaliza na maonyo bado inarudisha sifuri, yaani "hakuna kosa", sawa na isiyo na onyo lolote. Katika hayo 37, 36 yanatoka kwenye maktaba ya kutuma SMS (msimbo ulioandikwa na wengine), yanasema `datetime.utcnow` itakuja kuondolewa. Hayo nimeyazoea kama kelele za stendi. Lililobaki, moja tu, linaitwa `UnorderedObjectListWarning`. Linasema waziwazi kwamba orodha haijapangwa na kwamba kuigawa kurasa kunaweza kuleta matokeo yasiyolingana. Nimerudi nyuma kwenye kumbukumbu za seva: lipo tangu Machi. Miezi yote hiyo mashine ilikuwa inaniambia habari ya yule mama.

Swali langu ni hili. Nataka testi ishindwe, kabisa, pale onyo nisilolitarajia linapotokea. Lakini nikigeuza maonyo yote kuwa makosa, testi nyingi zitaanguka kwa sababu ya maktaba ya SMS ambayo si yangu. Ninyi mnafanyaje? Na kama kuna anayejua kwa nini testi yenyewe ya orodha ilipita, anieleze. Niliiandika mimi, na inahesabu wakulima.

---

MzeeNjiro (Arusha)

Pole binti, na umefanya vizuri kumrudisha mama kwenye benchi.

Nianze na swali lako la mwisho. Nadhani testi zako zinatumia SQLite, hifadhidata ndogo, ile ya kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa sababu ni ya haraka. SQLite ikisoma jedwali zima bila kuambiwa mpangilio, kwa kawaida inafuata namba ya mstari, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata kama umebadilisha kitu katikati. PostgreSQL haiko hivyo. Ukibadilisha mstari, yenyewe inaandika nakala mpya ya mstari huo mahali penye nafasi, na ile ya zamani inabaki hadi isafishwe. Mhasibu akibonyeza "amelipwa", mkulima huyo anaweza kuhama mahali pake. Akihama kwenda chini, waliokuwa chini yake wanapanda. Yule aliyekuwa wa 53 anakuwa wa 48, yaani yuko ukurasa wa kwanza, na mhasibu ameshafungua wa pili. Amempita. Aliyehama anamkuta mbele, amelipwa tayari. Ndiyo hao uliowaona mara mbili.

Sasa maonyo. Weka hivi kwenye `pytest.ini`, faili la mipangilio ya pytest:

```
[pytest]
filterwarnings =
    error
    ignore:datetime.datetime.utcnow:DeprecationWarning:maktaba_ya_sms
```

Mstari wa kwanza unageuza kila onyo kuwa kosa. Wa pili unasamehe onyo moja tu: lenye maneno hayo, la aina hiyo, kutoka kwenye maktaba hiyo (weka jina lake halisi). Angalia mpangilio. Onyo likilingana na mistari miwili, ule wa chini ndio unaoamua. Ukiiweka `error` mwisho, umefuta msamaha wako wote na utakesha ukitafuta sababu.

Usije ukaandika `ignore::DeprecationWarning` peke yake ili upate usingizi. Huo ni msamaha wa aina nzima, kwa msimbo wako na wa wengine, leo na mwakani. Mimi ni mtu niliyeanza na C, na tulikuwa tunajenga kwa `-Werror`. Onyo moja na programu haijengeki. Python walichukua njia nyingine. Toleo la 2.7, mwaka 2010, liliamua kuyaficha maonyo ya vitu vinavyokaribia kuondolewa, ili mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na mambo ya mwandishi. Toleo la 3.7, mwaka 2018, likayarudisha kidogo, kwa faili unaloliendesha moja kwa moja tu. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi miaka na asiyaone nje ya testi. Kwenye testi ndipo mahali pa kuyaona, na ndipo yanapopaswa kuumiza.

---

Sakina_kwa_Iddi (Arusha)

Dada, pole sana. Mimi niko kwenye mfumo wa kupokea wageni wa kampuni moja ya utalii hapa Arusha, na hilo `error` la mzee ninalitumia mwaka wa pili sasa. Naunga mkono. Ila kuna mtego mmoja uliniumiza na sijaona watu wakiutaja.

Onyo likigeuzwa kuwa kosa, linarushwa kama kosa lolote lile. Kama kwenye msimbo wako kuna mahali umeandika `except Exception`, litadakwa hapo na kumezwa. Testi itapita tena, na safari hii hata kwenye muhtasari wa chini huoni kitu.

Kwangu ilikuwa hivi. Tunasoma barua za mawakala, tunachukua saa ya ndege kutua KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), tunahifadhi. Saa ile ilikuwa haina ukanda wa saa ndani yake. Django ikipewa saa ya namna hiyo hutoa `RuntimeWarning`, kisha inaichukulia kwamba ni saa ya ukanda uliowekwa kwenye mipangilio, na yetu ilikuwa imeachwa UTC, saa ya kimataifa, kama ilivyokuja. Sisi tuko mbele ya UTC saa tatu. Ndege ya saa saba na nusu usiku ikaandikwa, kwenye SMS ya dereva, saa kumi na nusu alfajiri. Familia ya watu wanne, wawili watoto, walikaa nje ya uwanja saa tatu nzima kwenye baridi ya Julai. Dereva alifika kwa wakati aliopewa, na ndiye aliyesemwa vibaya.

Nilipoweka `error` nikategemea testi ya kuhifadhi saa ianguke. Haikuanguka. Kuhifadhi kulikuwa ndani ya `try`, na likitokea kosa lolote barua inawekwa kwenye foleni ya kujaribiwa baadaye. Testi iliangalia tu kwamba programu haijalipuka. Ilikuwa haijalipuka.

Kwa sehemu za namna hiyo natumia kitu kingine, kinachoandika maonyo bila kuyarusha, kisha kinauliza mwishoni:

```
@pytest.fixture(autouse=True)
def hakuna_onyo(recwarn):
    yield
    assert not recwarn.list
```

Kikikaa kwenye `conftest.py` kinaizunguka kila testi ya folda hiyo. Msimbo unapita njia yake ya kawaida, hakuna `except` inayoweza kuficha kitu, na hesabu inafanyika nje. Tahadhari: hiki hakifuati misamaha yako ya `pytest.ini`, kwa hiyo maonyo ya SMS yatahesabiwa nayo na itabidi uyachuje mwenyewe kwenye orodha. Mimi nimekiweka kwenye folda mbili tu, ile inayosoma barua na ile ya malipo. Kwingine `error` inatosha.

Na onyo unalolitarajia lisamehe ndani ya testi yenyewe kwa `pytest.warns`, ukitaja na maneno yake. Hapo testi inadai onyo liwepo. Siku likiacha kutokea, utajua.

---

fundi_Majengo (Moshi)

Nawasalimu wote. Naomba nipinge kidogo, kwa nia njema, kwa sababu nimeishi na hiyo `error` na imenikwamisha.

Ijumaa jioni mtu wa maktaba fulani, huko aliko, anatoa toleo jipya lenye onyo jipya. Mimi sijagusa kitu. Nasukuma marekebisho ya herufi moja kwenye risiti, testi 90 zinaanguka. Mteja ananisubiri dukani Mbuyuni na risiti zake zimekosewa. Hapo mtu anafanya nini? Anaandika `ignore` pana, anaendelea, na ile `ignore` haitoki tena maisha. Nimeiona kwangu na nimeiona kwa wengine. Kwa hiyo mimi nilirudi kwenye kusoma maonyo kwa macho kila Jumatatu.

Kwa upande wa kivinjari lakini nakubaliana nanyi. Kwenye Jest (chombo cha testi za JavaScript), React (maktaba ya kujengea kurasa) ikilalamika kwamba vitu vya orodha havina `key`, yaani alama ya kukitofautisha kila kimoja, inaandika tu kwa `console.error` na testi inapita. Hapo nimeibadilisha `console.error` yenyewe irushe kosa wakati wa testi. Hilo sijajuta.

---

MzeeNjiro (Arusha)

Fundi, shida yako ya Ijumaa ni ya kweli, lakini chanzo chake ni matoleo kuachwa huru. Yafunge. Kila maktaba kwenye `requirements.txt` iwe na namba kamili ya toleo, na zile zinazoletwa na hizo maktaba pia. Hapo hakuna onyo jipya linaloingia pasipo mkono wako. Kisha weka kazi ya pili kwenye seva, ya usiku, inayochukua matoleo mapya kabisa na kuendesha testi zilezile kwa `error`. Hiyo ikianguka haimzuii mtu kusukuma risiti. Inakupa habari asubuhi ukiwa na chai mkononi.

Kusoma kwa macho kila Jumatatu, sitakubishia kama wewe unaweza. Binti hapa alikuwa na onyo moja ndani ya 37 kwa miezi, na si mzembe. Jicho likiona namba ileile kila siku linaacha kuisoma.

Na misamaha: juu ya kila mstari wa `ignore` andika tarehe na sababu. Sisi msamaha bila tarehe hatuupokei.

---

binti_wa_Uru (Moshi)

Shikamoo mzee, na asanteni sana dada Sakina na kaka fundi. Nimeshinda nayo leo tangu asubuhi, nawapa mrejesho.

Mzee, ndiyo, ilikuwa SQLite. Na testi yangu ilikuwa na wakulima 12, ukurasa mmoja. Ilikuwa haiwezi kuona kitu hata siku moja. Onyo lenyewe halikuhitaji wakulima wengi ili litokee, kwa sababu Django inaangalia tu kama orodha imepangwa. Lilijua kabla ya testi yangu.

Nimeweka `error` peke yake kwanza, bila msamaha wowote, nione. Testi 38 zimeanguka, wakati maonyo yalikuwa 37. Lile moja la ziada limenichukua saa mbili. Ni `ResourceWarning`, ambayo Python kwa kawaida huificha, kwa hiyo haikuwahi kuonekana hata kwenye muhtasari. Faili linalotoka kwenye mizani nilikuwa nalifungua na silifungi. Kilichonichelewesha ni kwamba faili linaweza kusafishwa baadaye, pale Python inapoamua, na kosa linalotokea wakati huo haliwezi kurushwa kwa kawaida. Pytest inalikuta na kulitaja kama `PytestUnraisableExceptionWarning`, ndani ya testi iliyokuwa ikiendelea muda huo. Kwangu ilitajwa testi ya kuingia na nenosiri, isiyojua mizani ni nini. Nimefungua faili kwa `with`, inayolifunga yenyewe, limekwisha.

Maktaba ya SMS nimeiandikia msamaha mmoja, wenye tarehe ya leo na sababu, kama alivyosema mzee. Matoleo nimeyafunga yote. Kile kipande cha dada nimekiweka kwenye folda ya malipo tu. Na kweli, nilikuwa na `except Exception` mbili humo, moja niliisahau kabisa.

Orodha ya malipo nimeipanga kwa ukoo, `order_by("ukoo")`, kama daftari la karani lilivyo. Onyo limetoweka. 212, kijani.

---

MzeeNjiro (Arusha)

Marahaba. Kazi nzuri, hasa hiyo ya mizani.

Ila hapo mwisho, umepanga kwa ukoo peke yake? Onyo la Django linauliza kama kuna mpangilio wowote. Haliulizi kama mpangilio huo unamtofautisha kila mtu. Wenye ukoo mmoja, PostgreSQL bado iko huru kuwatoa kwa mpangilio wowote inaoutaka, na wakihama katikati ya kurasa umerudi ulikotoka, sasa bila hata onyo. Hebu hesabu: kwenye orodha yako kina Massawe wako wangapi?

---

binti_wa_Uru (Moshi)

Mzee, 61. Ukurasa ni majina 50.

Nimesimama dakika nzima nikiiangalia hiyo namba.

Sasa ni `order_by("ukoo", "namba_ya_uanachama")`, na namba ya uanachama haijirudii. Kisha nimeandika testi upya, inayotumia PostgreSQL ileile ya huku kazini. Inaingiza wakulima 120, wote ukoo mmoja. Inafungua ukurasa wa kwanza, inawawekea watu 20 alama ya kulipwa, ndipo inafungua wa pili, inawawekea wengine 20, inafungua wa tatu. Mwisho inakusanya namba zote za uanachama zilizoonekana na kudai ziwe 120 tofauti.

Nimeijaribu kwanza kwa mpangilio wa ukoo peke yake: namba 107, testi imeanguka. Kwa mpangilio mpya nimeirudia mara thelathini mfululizo, 120 kila mara. Testi zimechelewa, kutoka sekunde 41 hadi dakika moja na nusu, kwa sababu ya PostgreSQL, na nimekubali.

Dada Sakina, wale watatu waliobaki wamelipwa leo mchana, mjumbe amenipigia. Mhasibu ameomba nimchapishie pia orodha moja ndefu bila kurasa, ya kusaini kwa mkono, na nimeshaitengeneza. Aika sana.

---

Sakina_kwa_Iddi (Arusha)

Dada nimefurahi kwa hao watatu. Hiyo testi ya 120 naomba uiweke hapa ukipata nafasi. Orodha yetu ya wageni tunaipanga kwa tarehe ya kufika tu, na Agosti siku moja wanafika zaidi ya 50.